Matt Talbot wa Dublin: Uraibu, Ubongo na Watu Wanaotuzunguka



Tunapoandika maisha ya watumishi wa Mungu, mara nyingi tunawaletea mapadre, watawa na wamisionari. Leo tunawaletea kibarua. Hakuhubiri, hakuandika kitabu, hakuanzisha shirika. Kwa miaka 16 hivi pombe ilimtawala, na kwa miaka 41 iliyofuata hakuigusa tena. Jina lake ni Matthew Talbot, ila jirani zake wote walimwita Matt. Aliishi na kufa katika mji wa Dublin, nchini Ayalandi, na leo watu wengi wanaopambana na pombe au dawa za kulevya wanaomba kupitia kwake.

Tumemchagua kwa sababu ya swali ambalo kila mseminari atakutana nalo siku moja, akiwa kwenye kiti cha maungamo au sebuleni kwa familia inayolia: je, mlevi ni mdhambi au ni mgonjwa? Na kwa nini huyu anaacha na yule anashindwa, ingawa wote wawili wanasali? Wanasayansi wa ubongo wamelishughulikia swali hili kwa miongo mingi. Kwa muda mrefu walitazama vitu viwili tu, kilevi chenyewe na ubongo unaokipokea. Katika miaka ya karibuni wengi wao wameongeza swali la tatu: mtu huyu anaishi na akina nani? Maisha ya Matt Talbot yanatusaidia kuona kwa nini swali hilo la tatu lina uzito, na kwa nini linatuhusu sisi tulio katika Kanisa.

Alikozaliwa

Matt alizaliwa tarehe 2 Mei 1856 katika eneo la North Strand, upande wa kaskazini wa Dublin, karibu na bandari. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto 12 wa Charles na Elizabeth Talbot. Siku tatu baadaye alibatizwa. Ayalandi wakati huo ilikuwa chini ya Uingereza, na ilikuwa haijapona jeraha la Njaa Kuu ya miaka ya 1840, iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwalazimisha wengine wengi kuvuka bahari. Maskini wa vijijini waliingia mjini wakitafuta kibarua. Katika Dublin familia nzima iliweza kuishi katika chumba kimoja cha nyumba kuukuu. Familia ya Talbot nayo ilikuwa ikihamahama, leo chumba hiki, mwakani kile.

Baba yake alifanya kazi bandarini, na alikuwa mnywaji. Karibu wavulana wote wa nyumba ile walifuata njia hiyo. Mkubwa wao, John, hakuifuata. Tulikumbuke jambo hili tangu mwanzo, kwa sababu linatuzuia tusiseme kwamba mazingira ni mnyororo usiokatika. Ndugu waliolelewa chini ya paa moja hawakufika wote mahali pamoja. Hata hivyo, kwa wengi wao mteremko ulikuwa mkali, na Matt aliteremka mapema.

Shule aliiona kwa muda mfupi tu, kwa Mabruda wa Kikristo. Akiwa na miaka 12 hivi aliacha masomo, akaajiriwa na wafanyabiashara wa divai waliokuwa pia wakijaza bia nyeusi katika chupa. Mtoto huyo alishinda siku nzima katikati ya chupa na mapipa. Vijana wa pale walikunywa mabaki ya chupa, na yeye akanywa pamoja nao. Haikuchukua muda akaanza kurudi nyumbani amelewa. Baba yake, akitaka kumweka karibu na macho yake, alimhamishia bandarini alikofanya kazi yeye mwenyewe. Lakini kazi iliyopatikana huko ilikuwa kwenye ghala la wiski. Ni kama kumtoa mtu kwenye moshi na kumwingiza kwenye moto. Baadaye Matt aliondoka hapo, akawa kibarua wa waashi, akiwabebea matofali na chokaa begani. Alisifika kwa bidii ya kazi. Alisifika pia kwa kunywa.

Ubongo wa kijana

Hapa tusimame kidogo, tuone kilichokuwa kikitendeka ndani ya kichwa cha kijana huyu.

Mungu ameuumba ubongo wetu na njia maalumu ya kutufundisha yaliyo mema kwa uhai: chakula, maji, mapumziko, upendo wa watu. Tunapopata kimojawapo, chembe za ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini. Kazi yake si kutupa raha tu. Inauambia ubongo kwamba jambo hili ni muhimu, ukumbuke lilipatikana wapi na pamoja na nani, ulirudie. Pombe na dawa za kulevya huingia katika njia hiyo hiyo na kupiga kengele kwa nguvu isiyo ya kawaida. Ikipigwa hivyo kila siku, ubongo hujikinga kwa kupunguza usikivu wake. Basi mambo ya kawaida, kama mlo wa nyumbani au mazungumzo na mama, hupoa. Kilevi kinabaki kuwa kitu pekee kinachosikika, na mtu hunywa hata pale ambapo raha yenyewe imeshapungua.

Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotusaidia kupima, kusubiri na kukataa. Sehemu hiyo huchelewa kukomaa, hata kupita miaka 20. Ndiyo maana anayeanza kunywa akiwa mtoto yumo katika hatari kubwa kuliko anayeanza akiwa mtu mzima. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, wakizungumzia malezi. Ubongo wa Matt ulikunjwa ungali mbichi, na aliyeukunja ni mazingira ya kazi.

Tena, ubongo haujifunzi pombe peke yake. Unajifunza na yote yanayoizunguka: mlango wa baa, harufu ya pipa, sauti za marafiki, Jumamosi mchana yenye mshahara mfukoni. Kila kimoja kati ya hivyo huwa ishara, na ishara huamsha hamu kabla glasi haijaonekana. Kwa Matt, pombe na urafiki vilikuwa kitu kimoja. Alipokuwa na fedha aliwanywesha wenzake, na walipokuwa nazo wao walimnywesha. Mshahara wake wote uliishia huko. Fedha zilipokwisha aliweka viatu vyake rehani. Siku moja yeye na wenzake walichukua fidla ya mpiga muziki maskini wa barabarani, wakaiuza, wakanywa. Jambo hilo lilikuja kumtesa kwa miaka mingi.

Jumamosi nje ya baa

Mwaka 1884 Matt alikuwa na miaka 28. Kwa wiki nzima hakuwa amefanya kazi, hivyo Jumamosi hiyo hakuwa na senti. Alisimama na mdogo wake karibu na baa waliyoizoea, wakati vibarua wakitoka kupokea mshahara. Aliwajua karibu wote. Wengi wao walikuwa wamekunywa kwa fedha zake. Walipita wakamsalimu, wakaingia. Hakuna hata mmoja aliyemkaribisha.

Wanaosimulia maisha yake hukubaliana kwamba dakika zile ndizo zilizomgeuza. Tuangalie vizuri kilichomuuma. Alikuwa na kiu, ndiyo, lakini siku nyingine nyingi alikuwa amekosa pombe asibadilike. Safari hii aligundua kwamba kundi alilolipa maisha yake halikuwa lake. Aliachwa nje.

Sayansi inaweza kutuambia kitu kuhusu uchungu huo. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawachezesha mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Baada ya muda wachezaji wengine waliacha kumrushia mshiriki mpira. Ni mchezo tu, tena wa kompyuta, lakini sehemu ya ubongo inayohusika na uchungu wa maumivu ya mwili iliamka. Kutengwa kunauma kweli, si maneno ya kishairi. Na mtu anayeumwa hutafuta dawa ya maumivu. Kwa walio wengi dawa hiyo ni chupa, na hapo ndipo mduara unapojifunga: anakunywa, anatengwa, anaumia kwa kutengwa, anakunywa tena.

Matt angeweza kuzunguka katika mduara huo hadi kaburini. Badala yake alirudi nyumbani mapema, akiwa mzima, jambo lililomshangaza mama yake. Baada ya chakula alimwambia kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama alimjua mwanawe. Hakumcheka, wala hakumsimulia makosa yake ya zamani. Alimtuma aende kwa jina la Mungu, ila alimsihi asiiweke ahadi hiyo kama hakuwa na nia ya kuishika.

Mlango wa seminari

Alikwenda wapi? Ndugu waseminari, hapa pana neno letu. Alikwenda Clonliffe, katika Chuo cha Msalaba Mtakatifu, yaani seminari ya Jimbo Kuu la Dublin wakati huo. Kibarua asiye na fedha, ambaye alikuwa hajapokea sakramenti kwa muda mrefu, alibisha mlango wa seminari jioni ya Jumamosi, na padre alimpokea. Aliungama. Akaweka ahadi ya kutokunywa kwa miezi mitatu.

Desturi ya ahadi ilikuwa na mizizi Ayalandi. Padre Theobald Mathew, Mkapuchini, aliianzisha kwa nguvu huko Cork mwaka 1838, na watu wengi sana waliahidi mbele yake hadharani. Padre huyo alifariki mwaka 1856, mwaka ule ule aliozaliwa Matt. Nguvu ya ahadi haikuwa katika utashi wa mtu mmoja peke yake. Ilitolewa mbele ya Mungu na mbele ya watu, na aliyeahidi alijua kwamba kuna wengine walioahidi kama yeye.

Kesho yake Matt alipokea Komunyo Takatifu. Tangu hapo akawa anahudhuria Misa kila siku alfajiri, saa 11, kabla ya kwenda kazini, mara nyingi katika kanisa la Wajesuiti la Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Miezi mitatu ile ilikuwa mateso. Alimwambia mama yake kwamba muda ukiisha atarudi kwenye pombe. Haukuisha hivyo. Aliahidi tena kwa miezi sita, na mwishowe kwa maisha yote. Tunaona hekima katika ngazi hizo. Ubongo uliozoeshwa pombe kwa miaka 16 hauwezi kunyooka kwa siku moja. Usikivu wake kwa mambo ya kawaida hurudi polepole, kwa miezi mingi, na kwa wengine kwa zaidi ya mwaka. Anayemdai mlevi mabadiliko kamili ya leo kwa kesho anadai kisichowezekana kwa mwili wake. Anayempa hatua moja inayofikika, na kuwepo hatua hiyo inapokwisha, anamsaidia.

Jioni mpya

Saa ngumu zilikuwa jioni. Kazi imekwisha, mwili umechoka, na miguu inajua njia ya baa. Matt hakujiamini kupita mbele ya milango ile. Alitembea mitaani akizunguka, akaingia makanisani, akakaa humo hadi baa zifungwe. Inasimuliwa kwamba siku moja hamu ilimshinda akaingia katika baa. Mhudumu alikuwa na wateja wengine, hakumwona. Matt alitoka haraka, akaenda kanisani, akaamua tangu siku ile asitembee na fedha mfukoni. Hakuwahi kusoma chochote kuhusu ubongo, lakini alitambua kwamba ni rahisi zaidi kuondoa ishara mbele ya macho kuliko kushindana nayo ikishaamsha hamu.

Lakini kuondoa peke yake hakutoshi. Nyumba iliyofagiwa na kuachwa tupu hukaliwa tena, kama Injili inavyotufundisha. Matt alipoteza baa, naye alihitaji mahali pengine pa kuwa mtu. Alipata kiongozi wa kiroho, Padre Michael Hickey, mwalimu wa falsafa katika seminari ya Clonliffe. Msomi huyo alimpokea kibarua kama rafiki, akamwazima vitabu. Matt, ambaye kusoma kulimpa shida, alisoma polepole, akimwomba Roho Mtakatifu amfumbulie. Mwaka 1890 alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Aliingia pia katika vyama vya kitume vya walei. Katika vikundi hivyo alikuwa na jina, kiti na siku ya kutazamiwa. Akikosa, mtu angeuliza yuko wapi.

Vilevile alitengeneza yaliyovunjika. Alilipa madeni yake katika baa, moja baada ya jingine. Kwa miaka alimtafuta yule mpiga fidla Dublin nzima, na alipokata tamaa ya kumpata alitoa fedha Misa ziadhimishwe kwa ajili yake. Malipizi hayo yalikuwa ya kiroho, lakini pia yalimrudisha katika jamii. Mtu aliyelipa deni anaweza kupita barabarani akiwa ameinua uso.

Wanasayansi walichoona

Sasa tuweke maisha haya kando ya baadhi ya utafiti wa miaka ya baadaye.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanasaikolojia Bruce Alexander na wenzake katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walitazama majaribio ya panya waliokunywa mofini kwa wingi. Walijiuliza kama tatizo ni mofini tu, au pia ni kizimba, kwa kuwa panya hao waliishi mmoja mmoja ndani ya visanduku. Wakawajengea wengine makazi makubwa yenye nafasi, michezo na wenzao. Panya wa makazi hayo walikunywa mofini kidogo kuliko waliofungwa peke yao. Watafiti wengine waliorudia jaribio hilo hawakupata matokeo yaleyale kila mara, hivyo tusilifanye kuwa neno la mwisho. Lakini swali lake halikufa.

Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha kazi kuhusu nyani 20. Nyani hao walipokaa mmoja mmoja, ubongo wao haukutofautiana katika vipokezi vya dopamini. Baada ya kuwekwa katika makundi ya wanne wanne kwa miezi mitatu, waliopanda na kuwa wakuu wa kundi waliongezeka vipokezi vya aina moja, na kokeini haikuwavuta sana. Wanyonge wa kundi hawakupata ongezeko hilo, nao waliitumia zaidi. Cheo katika jamii kilikuwa kimegusa chembe za ubongo.

Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza dawa za kulevya waliwapa panya uchaguzi: dawa, au muda wa kukaa na panya mwenzao. Karibu kila mara panya walimchagua mwenzao, hata wale waliokwisha kuwa na dalili za uraibu. Lakini kulikuwa na sharti. Mwenzao alipocheleweshwa, au kumfikia kulipoambatana na adhabu ya mshtuko wa umeme, panya walirudi kwenye dawa. Tungependa kila mhudumu wa parokia alikumbuke jaribio hilo.

Binadamu si panya. Ana dhamiri, hiari na neema. Lakini hata kwa binadamu tunao ushahidi. Mwaka 1971 askari wengi wa Marekani walirudi kutoka vita vya Vietnam, ambako heroini ilipatikana kwa urahisi, na takriban mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu akiwa huko. Nchi ilijiandaa kwa balaa. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia, akakuta kwamba katika mwaka wa kwanza nyumbani ni kama 5 tu katika 100 ya waraibu hao waliorudi katika uraibu. Walikuwa wametoka mahali pa hofu na kurudi kwa familia, kazi na mitaa isiyowakumbusha heroini.

Matokeo hayo hayana maana kwamba uraibu si jambo la ubongo. Yanadokeza kwamba ubongo wenyewe umeumbwa kwa ajili ya wengine. Sisi tuliofundishwa kwamba si vema mtu awe peke yake hatuna sababu ya kushangaa.

Miaka iliyobaki

Matt hakupanda cheo. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya baadaye alifanya kazi katika yadi ya mbao ya kampuni ya T. & C. Martin, karibu na bandari. Hakuoa. Baba yake alifariki mwaka 1899, naye akaishi na mama yake hadi mama alipofariki mwaka 1915. Alilala juu ya ubao, akala chakula kidogo, na sehemu kubwa ya mshahara wake ikawaendea jirani wenye njaa na wamisionari waliokuwa wakienda China.

Mwaka 1913 waajiri wa Dublin waliwafungia nje maelfu ya wafanyakazi kwa sababu ya chama chao. Matt alikuwa mwanachama. Hakuwa mtu wa mikutano, lakini aliona kwamba vibarua walidai haki, na posho aliyopewa na chama aliwagawia wenzake wenye watoto. Waliokuwa wakimpita nje ya baa mwaka 1884 walikuwa vibarua wa aina hiyohiyo. Hakuwachukia wala hakujitenga nao. Aliwaonya watu wasiwe wakali mno kwa yule anayeshindwa kuacha pombe, kwa kuwa yeye alijua uzito wake.

Jumapili ya Utatu Mtakatifu, tarehe 7 Juni 1925, akiwa njiani kwenda Misa katika kanisa la Wadominikani, alianguka katika kichochoro cha Granby Lane akafariki. Alikuwa na miaka 69. Hakuwa na kitu cha kumtambulisha. Hospitalini walikuta mwilini mwake minyororo aliyoivaa kwa siri kama alama ya kujitoa kwa Bikira Maria. Toba ya namna hiyo haiigwi, na hakuna anayepaswa kuijaribu bila kiongozi wa kiroho. Alizikwa siku ya Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Mwaka uliofuata kijitabu cha maisha yake kilisambaa haraka, na mwaka 1975 Mtakatifu Paulo VI alimtangaza kuwa Mwenye Kuheshimiwa. Bado si mwenyeheri, hivyo hatumwekei ibada ya hadharani, ila sala ya faragha inaruhusiwa.

Kwetu sisi

Turudi kwenye swali la mwanzo. Je, Matt alikuwa mdhambi au mgonjwa? Aliungama wizi wa fidla, na alifanya vizuri kuungama. Wakati huohuo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1735, inafundisha kwamba lawama ya tendo inaweza kupungua, hata kuondoka, kwa sababu ya mazoea, hofu, na mambo mengine ya kisaikolojia au ya kijamii. Kanisa limeyataja mambo ya kijamii kwa jina. Muungamishi anayejua hilo hafuti dhambi kwa kusema ni ugonjwa tu, wala hamvunji mtu kwa kusema ni utashi tu. Anamwondolea dhambi, kisha anamuuliza atakuwa wapi jioni, na pamoja na nani.

Swali hilo ndilo tunalolikwepa. Ni rahisi kumwambia mraibu aache. Ni vigumu kumtafutia mahali. Tufikirie sherehe zetu za Komunyo ya Kwanza, Kipaimara na hata za upadrisho: aliyeacha pombe mwezi uliopita atakaa meza gani? Katika Jumuiya Ndogo Ndogo, je, tunamtembelea akiwa katika miezi mitatu ya kwanza, au tunasubiri kwanza tuone kama ataweza? Tukimwambia atakaribishwa akishanyooka, tumemchelewesha mwenzake. Tukimkaribisha kwa masimango, tumeweka umeme mlangoni.

Jambo moja la mwili tuliseme wazi. Anayekunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kufa. Apelekwe kwanza hospitali au kwa mhudumu wa afya. Sala na dawa havigombani. Na akianguka tena, tusidhani ahadi yake ilikuwa ya uongo. Wengi huanguka zaidi ya mara moja kabla ya kusimama.

Katika Injili yule aliyepooza alibebwa na watu wanne, wakatoboa paa. Bwana aliitazama imani yao, si ya mgonjwa peke yake. Matt naye alikuwa na wabebaji: mama asiyemcheka, padre aliyefungua mlango jioni ya Jumamosi, mwalimu wa falsafa aliyemwazima vitabu, na ndugu wa Utawa wa Tatu waliomtazamia. Wengi wao majina yao hayajulikani.

Tumwombe Mungu awaponye ndugu zetu walio katika vifungo vya pombe na dawa za kulevya, azitie nguvu familia zao, na azifanye parokia zetu, na mlango wa seminari yetu, kuwa mahali ambapo mtu anaweza kubisha bila fedha na bila hofu.